Nailoni za Baba Bonface

"Nilinunua sauti ya kuzunguka! Ya kuzunguka! Sasa mbona ni mimi ndio nazungushwa? Duka inasema niende kwa fundi, fundi anasema nirudi kwa nyumba!"

Huyo ni Elkana, baba yake Bonface, Jumatano alasiri, mbele ya kibanda cha fundi Kafedha hapa kwetu Bombolulu. Ile mashine ya redio ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, na spika zake tano ziko miguuni pake ndani ya karai la kufulia. Mimi nakaanga bajia hatua kumi kutoka hapo, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio.

Kafedha hakuinua hata kichwa. Alikuwa analehemu redio ya mtu.

"Baba Bonface, punguza sauti. Umeniambia niifungue, nimeifungua mbele yako, haina ubaya. Nimeziunga spika hapa zimeimba zote tano. Hukuzisikia?"

"Hapa zinaimba tano. Kwangu zinaimba mbili. Hizo tatu zinakufa njiani?"

"Labda zinachoshwa na ngazi," nikasema.

Akanigeukia. "Mama Lewa, hii maneno haikuhusu."

"Hainihusu, lakini naisikia. Hizo spika zingekuwa na mdomo kama wako, usingekuwa na shida."

Nikueleze huyu Baba Bonface ni mtu gani, maana ukimwona njiani utadhani ni mkubwa fulani. Alikuja kutoka bara miaka kumi na minane iliyopita, akaajiriwa kwenye yadi ya makontena kule Changamwe. Kontena likiingia, yeye hutazama lakiri, kile kijichuma chenye namba kinachofunga mlango. Lakiri ikiwa nzima, anatia alama kwenye karatasi. Ikiwa imekatwa, anapiga kelele. Basi, ndiyo kazi yenyewe, na hizo kelele hazijawahi kumshinda. Kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni Jumapili, sikukuu, na hata akienda kununua sukuma wiki.

Na hizo lakiri zake amezileta mpaka nyumbani. Anakaa ghorofa ya tatu, juu ya vichwa vyetu. Kochi alilinunua mwaka juzi, na mpaka leo limevaa nailoni ya dukani. Kwa joto hili la Mombasa! Ukikaa, mapaja yananata. Ukiinuka, kochi linatoa mlio ambao mgeni mwenye adabu hujikuta anauombea radhi na wala si yeye. Friji ina karatasi yake ya buluu mlangoni, imejikunja pembeni kama sikio la mbuzi. Rimoti imetiwa kwenye mfuko na kufungwa mpira. Mkewe Mercyline, mtu mpole asiye na makuu, aliwahi kuchuna nailoni ya kiti kimoja tu. Alinuniwa wiki nzima.

Nilimuuliza siku moja, Baba Bonface, hivi vitu unamtunzia nani? Akaniambia, "Kitu ikishafunguliwa, Mama Lewa, imeisha. Hiyo sasa ni mtumba."

Mercyline ndiye aliyenieleza tabia hiyo ilikotoka. Mwaka wake wa kwanza kazini kuna lakiri ilikatwa kwenye zamu yake. Wakamweka nyumbani miezi mitatu bila mshahara, wakimtazama kama mwizi, hadi mwizi mwenyewe aliposhikwa. Niliposikia nikamhurumia. Halafu nikalikumbuka lile kochi, huruma ikaisha.

Sasa mtu kama huyo ungedhani anajua uchungu wa kuitwa mwizi.

Kafedha naye ni mwenzetu, Mgiriama wa Ganze. Mguu wake wa kulia ulinyauka utotoni, anatembea kwa magongo mawili. Kulehemu alijifunza kwenye karakana, akitengeneza hereni za kuuzia watalii. Watalii walipopungua, akahamia kwenye redio. Kibandani ana meza, ana kiti chake, na ana stuli moja ya wateja. Cheti cha chuo hana. Cheti chake ni hilo neno la mtaani, "peleka kwa Kafedha". Likiharibika hilo, hana kingine cha kutundika ukutani.

Basi Jumatano ile Kafedha akaweka chini chuma chake cha kulehemu, akauliza kwa upole, "Ukiwa nyumbani, sauti inatokaje kwenye dikoda ya runinga ikaingia kwenye redio?"

"Na waya."

"Waya upi?"

"Si waya tu! Ile iko na nyekundu na nyeupe."

"Haya. Mwekundu unabeba sauti ya kulia, mweupe unabeba ya kushoto. Umeingiza mbili, kisha unataka zitoke tano. Zizaane humo ndani?"

Watu wakacheka. Mwarandu, mlinzi wa ploti ya pili, alikuwa ameikalia ile stuli akingojea redio yake, akacheka mpaka akapiga magoti yake makofi. Baba Bonface uso ukamvimba.

"Kanunue waya wa mwanga," Kafedha akamwambia. "Ni mwembamba, ncha yake ni ya mraba, na sauti inapita humo ikiwa taa nyekundu. Dikoda yako ina tundu lake, na redio ina lake. Ukishaupata niite, kuna kitu cha kupanga kwenye dikoda pia."

"Mimi nimesoma. Sihitaji kupangiwa."

Akaondoka na karai lake.

Haraka yote hii ilikuwa ya nini? Jumapili palikuwa na fainali ya mpira, naye alikuwa amewaalika wanaume kumi na mmoja wa kanisani kwao. Amewaambia mpira ukipigwa watausikia unapita juu ya vipara vyao. Sarandi, ndivyo anavyoiita hiyo sauti ya kuzunguka. Kila akikutana na mtu ngazini, sarandi, sarandi, mpaka ukitoka kufua unaisikia masikioni.

Ijumaa jioni nikasikia viatu vinashuka, ngazi mbili kwa mpigo. Leo hana karai. Leo ana kidole.

"Nimenunua hiyo waya yako! Saa hii hata zile mbili zimenyamaza! Kimya kabisa!"

"Nitapanda nikaione," Kafedha akasema.

"Uone nini? Hii mashini ilikuwa na kibandiko kwa skrubu. Nani alikata? Ni wewe. Kitu ikikatwa lakiri, kuna kitu imetoka ndani. Hiyo ndio kazi yangu, najua. Ulitoa kitu!"

Barabara yote ikageuza shingo. Hata bajia zangu, nadhani.

"Unaniita mwizi, Baba Bonface?"

"Sijasema. Lakini kitu imetoka." Akamwinua kwa mkono Mwarandu, aliyekuwa bado anaingojea redio yake, akaichukua ile stuli. "Hii nashika rehani. Siku sarandi itafanya kazi, itarudi."

Akapanda nayo. Akaiweka barazani kwake ghorofa ya tatu, pale mbele kabisa, kila apitaye aione na aulize. Wakauliza. Kufikia magharibi nilikuwa nimeshasikia Kafedha ametoa shaba, ametoa sumaku, ametoa hata spika nzima akatia iliyokufa. Mama mmoja akaja akachukua redio yake kabla haijaguswa, anasema ameikumbuka tu. Mwarandu naye, huyo huyo aliyecheka, akasimama kidogo akijikuna shingo, akaitia yake kwapani. "Nitapita siku nyingine, fundi." Haikuwa na hata betri.

Kafedha akafunga kibanda. Nilimfungia bajia, hakuzichukua.

Jumamosi saa tatu asubuhi akaja na magongo yake, bisibisi mfukoni.

"Mama Lewa, zima jiko."

"Tunakwenda wapi?"

"Juu."

Ngazi za ploti yetu hazina chuma cha kushikia, mwenye nyumba anasema ataweka kila mwaka. Ziko hamsini na moja. Nimezihesabu kwa sababu kila moja Kafedha aliweka gongo, akavuta mguu, akapumua, na mimi nyuma yake nimetanua mikono tayari kumdaka. Ghorofa ya pili tulipumzika. Jasho linamtiririka. Nikamwambia turudi, mwache na sarandi yake. Akaweka gongo kwenye ngazi inayofuata.

"Hodi hapa."

Mercyline akafungua, akashika mdomo. "Karibuni, karibuni jamani. Fundi, umepanda mwenyewe?" Akakimbilia jikoni kutafuta maji. Baba Bonface alikuwa kochini na fulana, kitambulisho shingoni. Akainuka, na kochi likalia mlio wake ule.

Kafedha akasimama katikati ya chumba akizungusha macho. Spika mbili mbele, moja chini ya runinga, mbili ukutani nyuma ya kochi. Zote tano zimevaa mifuko ya nailoni.

"Hizi mbona zimevikwa?"

"Vumbi."

Kafedha akajishusha chini polepole, mguu mbaya pembeni, akaingiza mkono nyuma ya dikoda.

"Nani alipiga hii selotepu?"

"Mimi. Hiyo waya ni feki, haishiki. Inaanguka."

Akabandua selotepu. Akauchomoa waya, akauleta machoni, akautazama muda. Kisha akauchomoa upande wa redio, akautazama nao. Halafu akanipa mimi.

"Mama Lewa, macho yako ni mazima. Hiki ni kitu gani?"

Nikatazama. Kwenye ncha ya waya kulikuwa na kofia ya plastiki nyeupe, ndogo kama ukucha wa mtoto. Na upande wa pili, nyingine.

"Ni kifuniko," nikasema.

"Baba Bonface, mbona hukuvitoa?"

"Nitoe aje?" Alishangaa kweli, maskini. "Inakuja nayo. Hiyo ni ya kampuni."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashikilia friji nisianguke, na ile karatasi ya buluu ikachunika yote, ikabaki mkononi mwangu. Mercyline akasimama mlangoni na gilasi za maji, mabega yanatikisika, hatoi sauti. Mwanamume mzima ameinunulia sauti njia, kisha akaifunga mlango huku na huku, akashuka barabarani kutafuta mwizi!

Kafedha hakucheka. Alitoa kofia moja, akatoa ya pili. Akachomeka waya kwenye dikoda, na ile ncha ya pili ikawaka nyekundu kama kaa la sigara. Akaichomeka kwenye redio. Tik. Ikashika bila selotepu yoyote.

"Rimoti."

Akapewa ikiwa ndani ya mfuko wake. Akautoa mpira, akautoa mfuko, akaingia sehemu ya sauti kwenye dikoda. Pale pa kuchagua palikuwa pamewekwa ile ya sauti mbili. Akashusha chini, akachagua nyingine. "Hiki ndicho nilichotaka nikupangie Jumatano," akasema. "Na ujue, si kila stesheni inatuma tano. Taarifa ya habari itakuja mbili tu, usinishukie tena na karai."

Akatafuta ile stesheni ya mpira. Walikuwa wanarudia mechi ya zamani. Makelele ya uwanja yakalipuka mbele yetu, kisha yakatukumba kutoka nyuma, mashabiki wako ukutani, wako mgongoni. Mercyline akageuka mbio kuangalia mlango.

"Wuui! Ni nani huyo?"

Hakuna mtu. Ni ile spika ya nyuma, tena ndani ya mfuko wake.

Baba Bonface alisimama akisikiliza, kichwa upande huu, kichwa upande ule. Akaziokota zile kofia mbili sakafuni. Akazitazama kiganjani, akazitia mfukoni mwa suruali.

"Kumbe," akasema.

Basi. Kumbe.

"Rehani yangu," Kafedha akasema.

"Nitashusha mimi mwenyewe."

Akatutangulia. Sisi tulishuka kwa mwendo wetu, na kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Tulipofika chini alikuwa amesimama mbele ya kibanda, stuli mikononi, na watu wameshaanza kukusanyika kwa sababu Jumamosi hapa hakuna anayekosa kuona kitu. Mwarandu yupo. Na ile stuli, wallahi mimi ni Mkristo lakini hapa naapa, alikuwa ameivisha mfuko wa nailoni.

"Fundi, iko hapa. Niliitunza."

Kafedha akajitegemeza kwenye meza, akaupasua ule mfuko, akautupa. Akaiweka stuli mahali pake.

"Bado nakudai."

Baba Bonface akapeleka mkono mfukoni. "Ya kupanda ni pesa ngapi?"

"Sitaki pesa. Jana ulisema nimetoa kitu. Ulisemea hapa."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akashika kitambulisho chake kama atakayeulizwa namba.

"Samahani," akaiambia fulana yake.

"Hiyo imetoka spika mbili," Kafedha akasema. "Za nyuma sijazisikia."

Watu wakaanza kucheka. Nilidhani atapanda juu akajifungie na fainali yake. Lakini akabaki. Akageuka akawaangalia wale watu, na nikaona kwa mara ya kwanza labda ameikumbuka ile miezi mitatu yake.

"Samahani, Fundi Kafedha!" Kelele zile zile za yadi, zikafika mpaka barabara ya lami. "Hukutoa kitu! Ni mimi nilifunga vibaya! Hukutoa kitu!"

"Basi," Kafedha akasema. "Yameisha. Wasalimie wageni kesho."

Mwarandu akatoka nyuma ya watu, redio kwapani, akaikalia stuli kama ambaye hajawahi kuondoka. Kafedha akakifungua kibanda, akapenyeza magongo chini ya meza, akavuta pumzi.

"Ina nini hiyo?"

"Inakwaruza, fundi."

"Lete."