Mvua ya Vijiti

Blanketi la sufu likinyeshewa hutoa harufu inayokaribiana na ya mbuzi, na harufu hiyo ndiyo vuli ya utoto wangu. Tulikuwa Gorong'a, nyumbani kwa baba yangu, mvua ikinyesha karibu kila mchana, na mama alikuwa amefariki muda mfupi kabla haijaanza. Nilikuwa darasa la pili. Watu nikiwaambia hivyo hungoja niseme nililia sana. Sikulia. Nilichota maji, nilifagia, nilikula nilichopewa, na ndani nilikuwa nimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Aliyelia ni mdogo wangu Marwa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Alisimama mlangoni akiita "Baba! Baba!" mpaka sauti inakauka.

Hapo lazima nimweleze msomaji asiye wa kwetu. Kwa Kikurya, baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata. Muuza vitenge mmoja kutoka Tarime mjini, asiyejua hayo, alisimama uani akamcheka baba yangu: "Mzee, mtoto anakuita na wewe umekaa tu!" Baba yangu alikuwa ameshajaribu. Kila alipomwinamia Marwa na kumwambia tata yuko hapa, mtoto alimsukuma kwa mikono miwili. Chakula nacho alikuwa hagusi. Shangazi, dada yake baba, aliyekuja kutoka Morotonga kutupikia, akatangaza kwamba barabara ikipitika angeondoka naye akamlee huko. Majirani waliona ni jambo la busara. Kesho yake baba yangu akachukua blanketi, akamweka Marwa mabegani, akaniambia nibebe beseni, tukatoka na manyunyu.

"Unawapeleka wapi watoto na mvua hii?" shangazi aliuliza.

"Kutembea."

"Kutembea! Mkurya gani anatembeza watoto? Utawaletea nimonia."

Akawa anafanya hivyo kila mchana. Tulikwenda kuuangalia mto uliojaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakisukuma magogo. Tulikwenda kuona ndama aliyezaliwa kwa jirani. Siku nyingine tulikaa tu chini ya mabati ya kanisa ambalo halijamalizika, tukisikiliza mvua ikituzibia maneno ambayo hata hivyo hatukuwa nayo. Wanawake kisimani walimuuliza ameanza lini kazi ya uyaya, naye akawasalimia akapita. Baba yangu hakuwa na hadithi wala mchezo. Alitangulia, nikafuata, tope likipanda kwenye kandambili mpaka miguu inakuwa mizito. Siwezi kusema nilifurahi. Najua tu kwamba kulowa kulikuwa afadhali kuliko kukaa ndani.

Siku moja tulikwenda kwenye kichuguu kilichokuwa mpakani mwa shamba. Huko kwetu kumbikumbu hawangojwi, wanadanganywa. Unachimba kishimo mdomoni pa kichuguu, unafunika kwa blanketi, kisha unachukua vijiti viwili na kugonga juu yake polepole, ili walio chini wadhani mvua inanyesha na wakati wao wa kutoka umefika. "Msiharakishe," baba yangu alisema, "mvua ya vuli haina haraka." Tuligonga. Marwa naye alipewa kijiti chake. Kumbikumbu wakaanza kumiminika kishimoni, mabawa yakipapatika, na Marwa akaingiza mkono kuwazoa. Mchwa askari akamng'ata kidole. Akapiga ukelele ule ule wa mlangoni: "Baba! Baba!"

Niliacha kugonga. Baba yangu alimtazama, na badala ya kumsahihisha, akasema, "Ee, mwanangu. Niko hapa." Marwa akageuka nyuma, akatazama njia tuliyojia. Hapakuwa na mtu. Akamtazama tena baba yangu kwa muda, halafu akamnyooshea kile kidole. Jioni hiyo alikula ugali wa muhogo na kumbikumbu wa kukaanga, amekaa katikati ya magoti ya baba, na tangu hapo akawa anamwita hivyo hivyo, baba, kwa jina la mama. Alipoanza shule mwalimu wake alimsifu eti amejua Kiswahili mapema.

Barabara ilipopitika shangazi hakuondoka na Marwa. Aliondoka na mimi. Alihitaji msaidizi nyumbani, na "Ghati hana shida," alisema, "ni mtulivu." Ilikuwa kweli. Marwa alikuwa ameita, akaitikiwa. Mimi sikuwa nimemwita mtu yeyote. Baba yangu alinifungia nguo zangu ndani ya blanketi lile, nikapanda gari, na sikuhisi chochote.

Sasa nina watoto wangu, nami bado naishi Morotonga. Nyumbani kwetu wanaongea Kiswahili tu, wana makoti ya mvua ya rangi, na baba yao ni dereva wa hoteli ya watalii kule Ikoma, huonekana kazi ikimruhusu. Vuli iliyopita niliwapeleka Gorong'a kumsalimia babu yao. Walimwamkia shikamoo, akawatoa kwenda kwenye kichuguu, yeye na fimbo yake. Tulikuwa tukigonga vijiti juu ya blanketi, binti yangu mdogo alipoteleza akaanguka kifudifudi kwenye tope. "Baba!" alilia.

"Ee, mwanangu. Niko hapa," mzee alisema.

Mtoto alimshangaa. "Siyo wewe, babu. Namwita baba."

"Najua," alisema, akimfuta tope kwa pindo la koti. "Hata mjomba wako hakuwa ananiita mimi."

Binti yangu akarudi kwenye vijiti. Mzee alikuwa amenipa mgongo, akikung'uta kumbikumbu kwenye beseni. Maisha yangu yote nimemwita tata.

"Baba," nikasema.

"Ee, mwanangu," aliitika, bila kugeuka. "Niko hapa."

Nikamwambia blanketi limelowa.