Unyoya Mtupu wa Kinengenenge

Loise alikuwa mbishi, na hakuna mtu wa Mghange aliyekana hilo. Binti yake Valarie alikuja mara nyingi kutoka Voi kumsihi wakaishi pamoja, na kila mara alirudi peke yake na gunia la viazi. "Na baba yako nimwachie nani?" Loise angeuliza, akielekeza kidevu kwenye kaburi la Silvanus nyuma ya jiko.

Silvanus alikuwa akitega ndege kwa neti msituni kwa ajili ya watafiti. Siku alipomchukua mkewe amsaidie kuwashika, Loise aliona vidudu kwenye bawa la ndege mmoja, akadhani ni utitiri. Kwao kuku mwenye utitiri hupakwa jivu. Basi kesho yake akaja na jivu mkebeni, akampaka kinengenenge, ndege mdogo wa manjano, hadi akawa wa kijivu. Silvanus alicheka mpaka akakaa chini.

"Hawa hawanyonyi damu, Mama Valarie. Wanakula mafuta yaliyochakaa kwenye manyoya tu. Ni wapangaji wazuri."

Akainua bawa kwenye mwanga, na Loise akawaona vizuri, wamejipanga kando ya uti wa unyoya. Jamani, siku zile! Chai ya chupa, viazi vitamu vilivyopoa, na mwanamume wa kucheka naye.

Juzi Valarie alikuja tena. Loise akamtaka kwanza ampeleke msituni kwa Hillary, aliyeachiwa neti za Silvanus. Alikuwa na hofu moja. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na kama hangeweza tena kuwaona wadudu wale, angebaki na nini cha mumewe?

Hillary alimkabidhi kinengenenge. Loise akainua bawa kwenye jua. Unyoya wa kwanza ulikuwa mtupu. Akapangusa macho, akatazama tena. Mtupu. Machozi yakamlengalenga.

"Huo karibu uanguke, mama," Hillary akasema. "Wameshahamia wa pili."

Loise alikuwa amesahau! Silvanus alimwambia zamani kwamba wadudu hawa hutambua unyoya uliochoka, wakahama kabla haujadondoka. Akasogeza kidole. Wale pale, mstari mzima, na macho yake mabovu yakawaona.

Aliwatazama hadi ndege akaanza kumdonoa, ndipo akafungua mkono. Wakateremka na Valarie, na karibu na nyumbani Loise akauliza:

"Vale, kwako mnapikia kuni?"

"Hapana, mama. Ni gesi."

"Basi utanifunza kuiwasha."