Shikamoo iliyomzuia fundi juu ya nguzo

Jamani! Leo nusura niue mtu kwa umeme wa sola ninaoiuzia gridi!

Umeme wa gridi ulikatika hapa Tlawi. Ukikatika, swichi ya sola yangu inatakiwa ijizime yenyewe, isipeleke umeme kwenye nyaya za nje.

Natoka nje, fundi mzee yuko juu ya nguzo, mkono unaelekea kwenye waya. Natupa jicho kwenye swichi: taa inawaka. Haijajizima!

Nilitaka kupiga kelele "Usiguse!" Mdomo, kwa mazoea, ukatoa "Shikamoo!"

Mkono ukasimama hewani. Akanigeukia. "Marahaba, mwanangu."

"Usiguse! Waya una umeme wangu!"

Alishuka, akakaa chini. "Kelele za watu huwa sizijali nikiwa juu, ila shikamoo lazima niitikie."

Mnaouza umeme, kaangalieni swichi zenu sasa hivi.

Nisingefundishwa kusalimia wakubwa, saa hizi ningekuwa kwake, nawapa watoto wake pole.