Siku Tatu za Kuchagua Kamera

Shangazi yangu hakununua mkate bila kuubonyeza, wala hakubonyeza mmoja. Kila asubuhi, kabla hajafungua studio, alisimama mbele ya duka la mikate akaanza na wa juu, akashuka mpaka wa chini kabisa, kidole gumba kikizama kidogo tu, kisha akarudi kwenye ule wa kwanza. Muuza mikate alishamzoea.

"Bi Ngojakwanza, hao wote ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Chukua yeyote ufunge ndoa, watu wana njaa."

Shangazi hakucheka. Alilipa, akaubana mkate kwapani akaondoka, na foleni nzima nyuma yake ikashusha pumzi.

Jina la Ngojakwanza alilipata kwenye kazi. Alipiga picha za harusi na za mazishi kwa miaka kumi na tisa, na hakuna bibi harusi aliyewahi kumharakisha. Jua lingewaka, jasho lingechora mistari kwenye poda, naye bado anasogeza kiti. "Ngoja kwanza. Kidevu. Ngoja kwanza." Walimsema, lakini picha zikitoka walinyamaza. Nusu ya kuta za mtaa wetu zilikuwa na kazi ya mkono wake.

Baba yangu ndiye mdogo wake, na ndiye aliyeweza kumtania usoni. "Dada, mtoa roho akija utamwambia ngoja kwanza, mwanga haujakaa vizuri." Mama yao alifariki baba akiwa bado ananyonya, kwa hiyo shangazi alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe mtoto. Alikuwa bado anamkata kucha mpaka baba ameoa. Mama aliliona hilo siku ya kwanza alipoingia kwenye ile nyumba, na alilisema mara moja tu: "Nimeolewa na mtu mwenye mke mkubwa."

Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe. Ni ukuta mrefu wa jiwe, mrefu kuliko jengo lolote la hapa, na katikati yake kuna pango walilochimba wakifuata jiwe zuri. Kulifikia unapita kwenye njia nyembamba iliyochongwa ukutani. Jumatatu mchana wenzake walitoka kwenda kula. Baba alirudi ndani kuchukua mtaimbo aliousahau. Njia ikaporomoka, na nusu ya ukuta ikaifuata.

Tulipofika, vumbi lilikuwa halijatulia. Mdomo wa pango ulikuwa umezibwa na mawe, umebaki uwazi mmoja juu kabisa, saizi ya dirisha la jikoni. Ngazi haifiki. Kutoka juu huwezi kuteremka kwa kamba, maana jiwe limetokeza kama kipaji cha uso na lilikuwa bado linadondosha vipande. Nyuma, juu ya kilima, kulikuwa na tundu jembamba la bomba la zamani la kutolea maji. Waliita humo mara tatu. Hakujibu mtu.

Jumanne asubuhi msimamizi wa machimbo alituita ofisini kwake, chumba cha mabati chenye kalenda ya mwaka juzi. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na mafua, akawa anajifuta pua huku anasema.

"Mama, poleni sana. Mimi siwezi kupeleka watu pale, nitazika wengine. Jumamosi tunamwaga zege kuziba, mlima usije ukashuka wote."

"Na kama yuko hai?" shangazi aliuliza.

"Niletee picha. Ya mtu, anayeonekana ni mtu, siyo kivuli. Nikiiona hiyo nitasimamisha zege, na mitambo nitaileta upande wa nyuma, liwalo na liwe."

Tukatoka. Nje alikuwepo fundi bomba wa mtaani kwetu, yule mfupi anayevaa viatu vya mvua hata kiangazi. Alikuja na mfuko wake.

"Bi mkubwa," alimwambia shangazi, "bomba la lile tundu la nyuma nililiweka mimi miaka ile. Linaingia mpaka ndani. Nipe nusu saa niteremshe kikamera changu."

Akakitoa. Ni kile cha kuchungulia mitaro, kioo kimechubuka, kimezungushiwa utepe mweusi kama kidonda. Shangazi akakigeuza, akakiwasha, akamwelekezea mama. Kwenye skrini mama alionekana kama mtu aliyesimama nyuma ya mvua kubwa.

"Hii nayo ni picha?"

"Mimi inanionyesha choo kimeziba wapi."

"Mdogo wangu si choo." Akamrudishia. "Yule bwana umemsikia. Nikimpelekea chenga hizi atasema ni jiwe, na hatanisikiliza tena. Nafasi tunayo moja. Ngoja kwanza nitafute kamera ya maana."

Fundi bomba alimtazama mama. Mama akasema, "Mwache wifi. Ndiyo kazi yake hiyo." Nilikuwa nimesimama pale pale. Siku hizi mama hapendi neno hilo likumbukwe.

Jumanne hiyo hiyo nilikwenda naye mjini. Tuliingia maduka mawili, na la pili ndilo lililokuwa na vitu. Muuzaji alikuwa kijana mwenye ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, anautumia kufungulia maboksi. Aliweka juu ya kaunta droni moja ndogo iliyokunjwa miguu kama panzi, na pembeni kamera ya saizi ya kiberiti, ile wanayofunga kichwani waendesha pikipiki za mashindano.

"Hii inaruka, mama. Inasimama hewani, mkono wako ukitetemeka yenyewe haitetemeki. Hii ndogo haina mabawa, inakwenda unakoipeleka. Itumbukize majini, igonge, haifi. Ila lazima kitu kiibebe."

"Gizani ipi inaona zaidi?"

"Inategemea na giza lenyewe."

Shangazi akamwomba afunge mlango. Kijana akacheka, akaona hachekewi, akafunga. Wakazima taa. Shangazi akajaribu ya kwanza, akajaribu ya pili, akanisimamisha kwenye kona nishike kalenda. Akaandika kwenye daftari: uzito, mwanga, betri inakaa dakika ngapi. Akauliza droni ikipotea itakuwaje.

"Haipotei. Ikikosa mawasiliano inarudi yenyewe ilikotoka. Mtoto wa shule anaweza kuchelewa njiani, hii haichelewi."

Tulirudi mikono mitupu. Alitaka kulilalia jambo. Jumatano tukaenda tena, akakuta duka la kwanza limeleta droni nyingine yenye taa mbele, ikabidi zilinganishwe. Yule mwenye ukucha akamwambia, "Mama, ukiendelea hivi zitatoka mpya nyingine ukiwa hapa hapa." Akamjibu kwamba ya kubahatisha anunue yeye. Jioni nikaliona daftari lake mezani, kurasa nne zimejaa, kila kitu kimepigiwa mstari kwa rula.

Alhamisi asubuhi akaamua. Alichukua zote mbili, droni yenye taa na ile kamera ndogo, na kamera yake kubwa ya harusi ikabaki kwenye kaunta ya watu kufidia bei. Hakuigeukia. Droni ingeingia kwanza kwa sababu picha yake imetulia, na kile kidogo kikae cha akiba. Betri za droni zilikuwa tatu na karatasi ilisema zijazwe zote kabla ya kurusha mara ya kwanza. Alizijaza zote. Mama alikuwa anazunguka uani, anaingia, anatoka.

"Wifi, moja si imejaa?"

"Ngoja kwanza."

Saa kumi jioni droni ikapaa. Kusema kweli aliirusha vizuri, nilijivunia. Iliupanda ule ukuta taratibu, ikasimama mbele ya uwazi, ikaingia bila kugusa ukingo. Sisi wote tulikuwa tumeinamia simu yake, msimamizi naye. Tukaona mawe, vumbi linaelea, kisha mtaimbo umelala chini. Shangazi akasema, "Ndiye huyo yupo, ndiye huyo yupo," kwa sauti ya chini sana. Picha ikaganda. Ikawa nyeusi. Kutoka ukutani tukasikia sauti kama kijiko kimeingia kwenye feni, na baada ya hapo kimya.

Alielewa kabla yetu. Mawasiliano yalikatika, na droni ikafanya ilivyofundishwa: hupanda juu kwanza ndipo irudi ilikotoka. Kwenye viwanja vya harusi hilo halina shida, kwa sababu uwanja hauna dari. Kwenye droni za kukodi alizowahi kurusha haikumjia hata siku moja kufikiria dari.

"Mmeona mtu?" msimamizi aliuliza.

"Tumeona mtaimbo wake."

"Mtaimbo ni mali ya kampuni, mama. Hauna pumzi."

Geti lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili. Fundi bomba alikuwa kazini mbali.

Ijumaa asubuhi alikuja bila kuitwa mara mbili, na mabomba ya plastiki begani. Aliyaunga moja moja, shangazi akakifunga kile kikamera kipya kwenye ncha pamoja na tochi, wakaanza kuteremsha kwenye lile tundu la nyuma. Humo ndani simu haipokei kitu, kwa hiyo unateremsha, unasubiri, unapandisha, ndipo unaangalia. Mara ya kwanza ilitoka ukuta mtupu. Wakaigeuza. Mara ya pili kazi yote, tangu kuunga mabomba, ilikuwa imechukua nusu saa. Pungufu kidogo.

Picha ilikuwa safi. Unaweza kuhesabu vifungo vya shati. Baba alikuwa amekaa ameegemea ukuta, chini kabisa ya tundu lile, mguu mmoja umegeukia upande usio wake. Kwenye vumbi kulikuwa na alama ndefu ya kujiburuta kutoka mdomoni mwa pango mpaka pale alipokaa. Kwenye mapaja yake ilikuwepo droni. Mabawa yake mawili yaliyovunjika alikuwa ameyaokota, ameyapanga juu yake vizuri.

Kila mtu pale alikuwa anapiga hesabu ile ile: droni iliingia jana saa kumi.

Msimamizi aliitazama ile picha muda mrefu, pua inavuja na haifuti. Akasimamisha zege, akaita mitambo, na kwa hilo simlaumu. Fundi bomba alitumbukiza mpira akamimina maji, anaita jina la baba, anamimina, anaita. Maji yalikwenda. Jibu halikuja.

Walimfikia Jumamosi mchana. Daktari alivua glavu akasema, "Hana siku mbili huyu. Ni jana, alfajiri hivi. Mguu haukumuua. Kiu." Shangazi alikuwa amesimama na kile kikamera bado kinaning'inia shingoni. Mama akamsogelea karibu, nikadhani anamkumbatia.

"Picha imetoka nzuri, wifi," akamwambia.

Basi, hilo ndilo lililokuwa. Hawakusemezana tena, wala kwenye mazishi. Na kwenye mazishi hapakuwa na mtu wa kupiga picha.

Jumatatu machimbo walileta vitu vya baba kwenye mfuko wa saruji: kofia, kiatu kimoja, droni. Shangazi aliipeleka droni studio, nami nikamfuata kwa sababu hakuna aliyenikataza. Akachomoa kadi, akaiweka kwenye kompyuta, akakaa kwenye kile kiti cha bibi harusi.

Ile droni haikuacha kurekodi ilipoanguka. Mwanzo ni vumbi na jiwe lililopinda. Dakika zinapita. Halafu mkono unakuja, picha inatikisika, na uso wa baba unajaa skrini nzima, midomo imepasuka. Alitabasamu. Alijua kabisa ni nani aliyeituma. Akaanza kuongea. Aliongea sana, na hatukusikia hata neno, kwa sababu droni haina sikio, inachukua picha tu. Alikuwa anaonyesha juu kwa kidole, juu kule lilipo tundu la bomba. Akakunja kiganja kama bakuli, akakipeleka mdomoni. Akaonyesha tena juu. Alirudia hivyo mpaka betri ikaisha.

Shangazi aliirudisha mwanzo. Akaiangalia mara nne bila kuisimamisha.

"Anasemaje?" aliniuliza.

Nikamwambia, "Sijui, shangazi."

Nilijua. Hata mtoto mdogo angejua.

Akainuka. Hakuzima kompyuta, yeye ambaye alikuwa akizima hata taa ya chooni kwa jirani. Hakuchukua mkoba. Alitoka na ndala za ndani, akapita uani kwetu mama akianika shuka, mama akageuza uso. Akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, lori likampigia honi, dereva akamtukana. Akapita kituo cha mafuta. Kwenye kona ya fundi cherehani alikata kushoto.

Studio niliifunga mimi. Huu ni mwezi wa nane tangu aondoke, na hajarudi.