Tuliogopa Ndovu, Tukapanda Pikapu ya Mwadime

Kuna siku moja, mwanangu unayesoma haya, ambayo hata nikisahau jina langu, hiyo sitaisahau. Nilikuwa darasa la saba. Mama alinishika mkono tukasimama kando ya barabara pale kwetu Makwasinyi, jua halijatoka vizuri, tukingoja pikapu ya Mwadime. Wiki hiyo ndovu walikuwa wameshuka, wamemaliza mahindi ya jirani na kuvunja bomba la maji, na njia yetu ya shule ilipita katikati ya kichaka chao. Mama akamwambia Mwadime, "Baba, nisaidie na huyu mtoto. Mpeleke, halafu umrudishe. Hawa ndovu wataniua kwa wasiwasi."

"Wacha wasiwasi, mama," akasema. "Huyu ni kama mtoto wangu."

Nimemtaja kwa jina na sitamficha. Watu wa kwetu wakieleza mambo haya husema "mtu fulani", ama "shetani alimpitia". Shetani hakuwa na pikapu. Ni Mwadime, aliyekuwa akibeba makaa na mitungi ya maji, aliyekuwa akiimba besi kanisani, na watoto wake walikuwa wakubwa kuliko mimi.

Mwanzoni ilikuwa raha, sitadanganya. Aliniweka mbele, nisipigwe na vumbi. Alininunulia biskuti. Siku moja nguo yangu ikachafuka na damu ya mwezi, naye ndiye aliyesimama dukani akaninunulia pedi. Nikamwona mtu mzuri kuliko wote, kwa sababu nyumbani hakuna aliyekuwa amenifikiria hivyo. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa ameniambia neno moja tu nilipoanza kuona damu: usicheze tena na wavulana. Nikatii. Niliacha hata kucheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira, na wavulana wa darasa letu, mpaka wakawa wananiita sista. Sasa niambie, mwanangu, onyo kama hilo lingenisaidia nini na baba wa watu, ambaye mama mwenyewe ndiye aliyenipakia kwa gari lake?

Alichonifanyia siku aliyokata kona akatoka barabarani sitakieleza. Nina haki ya kunyamaza pale ninapotaka. Nitakuambia tu alichosema baadaye, akiwa anafunga mlango wa gari: "Ukisema, mama yako ndiye atalaumiwa. Si ndiye alikuleta?" Nikanyamaza kwa sababu ya kumpenda mama. Hapo nataka usome pole pole. Watu wa namna hii hawakufungi mdomo kwa panga. Wanatafuta mtu unayempenda, wanamfanya yeye awe kufuli.

Tumbo likaonekana. Baba mdogo wangu Mwangeka akaita kikao, akakaa mbele, akasema hakuna haja ya kumsumbua chifu, sisi ni watu wa mlima mmoja, mambo yamalizwe nyumbani. Mwadime akaleta mbuzi na soda. Mbuzi akachinjwa. Mimi nilikuwa jikoni nachochea moto wa kuchemsha nyama ya kesi yangu. Hakuna aliyeniita kuniuliza kitu. Mama alipolia aliambiwa asiharibu kikao. Wakala, wakaomba, wakaenda, na Jumatatu Mwadime akapita na pikapu ile ile, wasichana wa watu wamekaa mbele.

Shuleni mwalimu mkuu alisema nitafundisha wenzangu tabia mbaya. Karatasi za daftari langu la mwisho tulizifungia chumvi. Wakati wa kujifungua ulipofika, mwili wangu haukuwa umekomaa kwa kazi hiyo, nikapasuka vibaya, na kwa muda mrefu mkojo ulikuwa ukinitoka wenyewe. Wanawake kisimani walikuwa wananisogezea ndoo kwa mguu. Nilikuja kutibiwa baadaye sana, na mpaka leo nikisikia harufu ile mahali popote, najikagua kwanza mimi.

Lakini usije ukamchukia mtoto. Mwanangu Mwakio hana kosa. Ni fundi wa magari hapa Voi, mwoga wa sindano, anacheka kwa sauti mpaka majirani wanagonga ukuta. Nampenda kuliko macho yangu. Ningependa tu angenikuta mtu mzima.

Sasa mimi nauza mboga soko la Voi, sukuma na kabeji za kutoka Bura. Majuzi nikaenda nyumbani kumwona mdogo wangu Mghoi. Nimekaa nje nachambua kunde, nikasikia boda boda. Nani anashuka? Wakesho, binti wa Mghoi, amevaa sare ya kidato cha kwanza. Kijana wa pikipiki akampa mfuko mweusi, akapiga honi, akaenda zake. Nikaona ndani ya mfuko kuna pedi.

Mikono yangu ikaacha kunde.

"Wakesho, huyo ni nani?"

"Si ni Dani tu, mamkubwa. Huwa ananibeba. Ndovu wamerudi, hata wiki jana walimfukuza mtu wa maziwa."

"Na pedi?"

"Mama hakuwa na pesa. Dani ni poa, haombi kitu." Akanitazama, akacheka. "Mamkubwa, umefura kama kuku amenyeshewa. Kwani umeona simba?"

Nikacheka pia, maana huyo mtoto ana mdomo. Kisha nikamwita mama yake. Nikamwambia, "Mghoi, huyu mtoto asipande tena pikipiki ya huyo kijana peke yake."

Mghoi akashika kiuno. "Dada, wewe unaona ubaya kila mahali kwa sababu ya yale yako. Dani namjua, nimemlea hapa. Unataka mtoto akanyagwe na ndovu ndio ufurahi?"

"Mwadime pia tulimjua."

"Hayo yalimalizwa."

"Yalimalizwa na nani, Mghoi? Mimi bado sijamaliza."

Mghoi akashusha mikono kiunoni. Alikuwa mdogo siku ile ya mbuzi, na nadhani nyama aliikula bila kujua. Nikamketisha Wakesho kwenye mkeka, katikati yetu, nikamwambia yote, kutoka kwa ile biskuti ya kwanza. Mtoto hakucheka tena. Nilipofika pale pa kufunga mlango wa gari, akasema kwa sauti ndogo, "Dani aliniambia nisimwambie mama kuhusu simu."

"Simu gani?" Mghoi akauliza.

Wakesho akaitoa kwenye soksi.

Mghoi aliishika ile simu kama kaa la moto, akaniangalia, akakaa chini kwa mchanga. Kisha akaanza kumpapasa mtoto kichwani, mara nyingi. Dani alikuwa bado kwa maneno matamu tu, tulimpata mapema. Jioni ile ile tulimrudishia simu yake mbele ya wenzake stendi. Akatabasamu, "Mama, mimi nilikuwa nasaidia tu." Mghoi akamjibu, "Asante. Msaada umeisha. Na kwa chifu tumeshapita." Siku hizi kina mama wa upande ule wanasindikiza watoto kwa zamu, wawili wawili, wakigonga sufuria kufukuza ndovu. Wakesho analalamika kuwa mama yake anamwaibisha. Mwache aaibike, atazoea.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayesoma. Mtu mzima anayekupa kitu na kukuambia usiseme nyumbani, hicho kitu si zawadi. Kirudishe na useme. Ukianza kuona damu ya mwezi, jua mwili wako unaweza kushika mimba, hata kwa mara moja tu. Usingoje kuambiwa na atakayekudhuru. Uliza mama, shangazi, mwalimu au muuguzi zahanati. Muulize pia kuhusu magonjwa, na kuhusu njia za kujikinga. Hatakucheka, na akikucheka tafuta mwingine. Ikitokea umelazimishwa, kosa si lako. Usioge, usifue nguo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, au kabla siku tatu hazijapita, kuna dawa ya kuzuia mimba na ya kuzuia virusi. Kisha ripoti polisi. Wakitaka kumaliza nyumbani, wakatae. Mtoto halipwi kwa nyama. Na kama mimba tayari imeingia, kliniki nenda mapema, na darasani utarudi. Hiyo ni haki yako, si huruma ya mwalimu.

Na ninyi wavulana, msidhani siwaoni. Msichana akisema hapana, au akiwa bado mtoto, geuza pikipiki uende kwenu.

Mungu akupe siku zako zote za kuwa mtoto, asikupunguzie hata moja. Uvae sare mpaka ikubane, ununuliwe nyingine. Ukikosa usingizi, iwe ni kwa sababu ya mtihani. Na siku utakayokuwa mama, mwanangu, iwe ni siku uliyoitaka wewe mwenyewe.