Umeniachia nyumba ya wageni, Bi Haruko

Kichwa changu kinakataa, jamani. Bi Haruko, jirani yetu hapa Croydon, amefariki, na mimi bado nina hasira naye.

Ndiyo, hasira. Jumamosi alinigombeza kwa kuweka trei kifudifudi. Hakusema kama anaumwa. Not a word!

Kwa msiomjua: Mjapani, mjane wa Mzee Seif wa Unguja. Kiswahili alifundishwa na mama mkwe wake, kwa hiyo alikuwa anagomba Kizanzibari safi kutushinda sisi tuliozaliwa huku.

Chumba cha nyuma cha duka la mumewe alikigeuza makumbusho ya mji wao wa Japani, mji wa milimani ambako zamani wasafiri wa miguu walikuwa wakilala njiani. Karibu kila nyumba ilikuwa nyumba ya wageni. Humo chumbani: viatu vya majani makavu, mito ya mbao ya kulalia, trei nyeusi za chakula, kibao cha jina la nyumba ya wageni ya babu yake. Basi. Volunteer ni mimi peke yangu.

Huko kwao, alisema, wasichana walikuwa wakisimama barabarani jioni na kuwavuta wasafiri nguo, wasiende kulala kwa jirani. Akaamua na sisi tufanye hivyo. Croydon! Mimi, ambaye nikisalimiwa na dereva wa basi natazama chini!

"Vuta, mwanangu. Mgeni hang'ati."

"Bi, watu wataita polisi."

"Nao wakija, wavute."

Nikamvuta baba mmoja koti. Akaingia, akakaa, akaomba menyu. Kumbe kadhani mkahawa! Nageuka Bi Haruko anisaidie, yuko jikoni anapasha supu. Akamlisha, na chapati juu yake.

Nikamweleza Bi habari za opening hours, health and safety. Akanijibu, "Mgeni akiondoka na njaa, vitu hivi vina kazi gani?"

Nilikuwa nakwenda nyumbani nimenuna. Kila Jumamosi. Na kila Jumamosi narudi.

Jana, baada ya hitima, mwanawe, Ami Khalid, akasema chumba kitakodishwa, vitu vyote vitupwe kwenye skip la takataka. "Makorokoro ya mama," alisema. Watu wakaendelea na biriani. Nikasubiri mkubwa yeyote aseme neno.

Mara nikajisikia nasema, "Ami, haviendi."

"Utavitunza wewe? Wewe ambaye hata salamu yako haisikiki?"

"Nitavitunza mimi."

Akacheka. Akaona mimi sicheki. "Haya. Mpaka Ramadhani, tuone."

So sasa nina ufunguo mfukoni, nina mtihani wiki ijayo, na mama yangu ananitazama kama nimeolewa kwa siri.

Hukuniuliza, Bi Haruko. Hata mara moja hukuniuliza kama nataka.

Ungeniuliza, ningekataa. Na ulijua.

Lala unono, Bi. Mungu akulaze pema, na huko usimvute mtu nguo.