Mwanangu Kasoma Meseji ya Baba Yake kwa Makofi

Admin, jina langu lifiche kabisa. Kigoma ni ndogo na mawifi zangu wamo humu humu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Ujiji, nimeolewa na Muha wa Kalinzi na tunaishi Katubuka. Tuna watoto wawili, wa kiume ana miaka sita, wa kike minne. Nilikuwa mwalimu wa chekechea. Mwaka jana huyu mkubwa alianza shule, na ana kigugumizi. Wenzake wakawa wanamcheka, na mwalimu wake naye, mtu mzima, akawa anamwiga mbele ya darasa. Mtoto akaacha kuongea kabisa, hadi nyumbani. Mume wangu ndiye aliyesema, kwa mdomo wake, "Mke wangu, acha kazi umfundishe mwenyewe hapa nyumbani, hakuna anayemjua kama wewe." Nikaacha. Naomba hilo mlishike, maana sasa hivi inaonekana nilijiamulia peke yangu.

Kila siku saa mbili, wakishakunywa uji, nagonga sufuria kwa mwiko, wanakuja sebuleni na sare zao. Ubao wetu ni mlango wa zamani nilioupaka rangi nyeusi. Tunahesabu kwa chikichi, na mdogo akiona sijamwangalia anazitia mdomoni. Kabla ya saa sita ukiniita mama siitiki, mimi ni Mwalimu. Mume wangu akiwa hajaondoka alikuwa anakaa nyuma ya wanae ananyoosha kidole, "Mwalimu, naomba ruhusa niende kazini!" Tunacheka wote. Wageni wakija anawaambia, "Huyu ndiye mwalimu mkuu." Na mimi mjinga navimba kichwa.

Kusoma ndiko kulikotutesa. Mkubwa akifika kwenye neno anakwama, midomo inatetemeka, machozi yanamtoka. Siku moja nikamwambia apige kofi kwa kila silabi. Ka, kofi. La, kofi. Mu, kofi. Jamani, hakukwama! Nilimbeba nikazunguka naye uwanja mzima. Tangu hapo akawa anasoma kila kitu kwa makofi, pakiti ya chumvi, mfuko wa unga, maneno ya nyuma ya bodaboda. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa anakuja toka Buzebazeba kunywa chai kwangu, anamrekodi. "Wifi, acha nimtumie mama kule Kalinzi aone mjukuu wake anavyosoma." Nikawa nampaka mtoto mafuta na kumvalisha vizuri ili apendeze kwenye video. Wallahi, mimi mwenyewe!

Jana Jumatano mume wangu alienda kuoga, akaacha simu mezani, meseji aliyotoka kuandika bado iko wazi. Mimi nafuta ubao. Nikasikia makofi nyuma yangu. "Da-da. Wa-to-to wa-na-kwe-nda Ka-li-nzi Ju-ma-mo-si. Ma-ma ya-o a-na-ju-a ni li-ki-zo. Ha-wa-ru-di."

Halafu akapiga kelele kwa furaha, "Mwalimu, nimemaliza! Sijakwama hata mara moja!" Mimi nilikuwa nimeambiwa wanaenda kumsalimia bibi yao tu, warudi. Akaniuliza, "Nani hawarudi?"

Nikaichukua ile simu nikasoma na za juu. Video zote zimo. Chini yake wifi kaandika, "Unaona? Kila neno makofi, kama kichaa. Mama akiangalia analia. Huyo mwanamke anakuharibia mtoto." Nikatafuta pale mume wangu aliponitetea. Hakuna. Kajibu, "Hata mimi naona aibu, dada." Aibu! Huyu huyu anayeninyooshea kidole kila asubuhi!

Alipotoka bafuni na taulo lake nikamwuliza. Neno lake la kwanza, "Kwa nini unashika simu yangu?" Nikamwambia, "Sijaishika mimi, mwanao kaisoma." Akasema mama yake atamtafutia shule kule kule, Januari aanze darasa la kwanza, na mdogo atamfuata kaka yake. "Nilijua ukiambiwa utakataa." Nikamwuliza, sasa yale ya kukaa hapa na kucheka na mimi yalikuwa ya nini? Akasema, "Nilikuwa nakufurahisha tu." Nakufurahisha tu! Heri angenitukana. Nilimrushia kile kifutio huku nalia, kikampata kifuani, na sijutii.

Jamani, sikatai shule. Januari lazima aende, na ndicho nilichokuwa namwandalia. Lakini kupelekwa mbali na mimi, kwa watu wanaomwona kichaa, tena kwa uongo wa likizo? Wakimkataza makofi atanyamaza tena, na safari hii sijui ataongea lini. Mama yangu anasema niwachukue watoto nirudi Ujiji leo leo. Mume wangu anasema nikitoka nao, nisihangaike kurudi. Wifi nampigia hapokei, na juzi tu alikula migebuka kwangu akaomba na ya kubeba.

Leo asubuhi nilijikaza nikawaita kama kawaida. Mkubwa nikampa kitabu, akakifunga, akakiweka chini ya kiti. Nikamwuliza kulikoni. Akahangaika sana na neno la kwanza, mikono kaikalia. "S-s-sisomi tena. Nikisoma unalia."

Keshokutwa ndiyo Jumamosi, na baba yao ameshapanga nguo zao kwenye begi. Ninyi mliozaa, semeni na mimi leo, msinifiche. Niondoke na wanangu ndoa ife, au nimpandishe mwanangu gari la Kalinzi akanyamaze?